Paa la Ijumaa

Jumanne, 29 Aprili

Nimemwaga mabeseni. Matatu chumbani, moja ukumbini, sufuria moja juu ya kabati la nguo. Ndiyo kazi ya asubuhi siku hizi, kabla ya chai. Chai yenyewe ya rangi, sukari nusu kijiko.

Siku ishirini na tatu tangu azikwe Bakari. Niko edani. Miezi minne na siku kumi sitoki nje ya mlango, sipaki wanja wala hina, sikai na mwanamume asiye maharimu yangu. Na hayo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na paa.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi. Majumba ya wageni kule ufukweni aliezeka yeye. Maduka ya Wahindi alipiga lipu yeye. Hata banda la kuku la jirani lina mkono wake. Nyumba yake mwenyewe inavuja masika ya sita hii, juu ya kitanda chake mwenyewe. Kila nikimwambia, kesho, Zuwena. Sasa yeye kaenda na kesho yake, na mimi nimebaki na mabeseni.

Namsema maiti. Najua ni vibaya. Naandika hapa nisije nikayasema mbele ya watu.

Alhamisi, 1 Mei

Mfereji wa jikoni haukatiki. Maji yanadondoka tangu Jumatatu, na maji ya mfereji yanalipiwa.

Nimefungua sanduku lake la vyombo. Miaka thelathini na moja ya ndoa sikuruhusiwa kuligusa. Nikishika bisibisi tu, kelele nyumba nzima, utapoteza, utavunja, hiyo si kazi ya wanawake. Nimechukua spana, nimefungua mfereji, nimeukuta ule mpira mdogo wa ndani umeliwa. Nimekata mwingine kwenye champali yake ya kushoto. Ukubwa wa kifungo cha kanzu. Nimerudisha, nimekaza.

Umekatika.

Robo saa. Nami muda wote huo nilidhani ni elimu kubwa.

Jumamosi, 3 Mei

Mwanakombo ndiye miguu yangu ya nje. Tumepakana ukuta kwa ukuta, yeye na mimi, tangu sote tuko maharusi. Leo nimemtuma akaulize fundi wa paa. Karudi na bei. Nimeishika kichwani, nimehesabu pesa zilizomo kwenye kopo la maziwa, nikalifunika. Halafu kaongeza kwamba akina mama wa mtaani wanasema si vizuri, nyumba ya eda, mafundi wanaume wanapanda wanashuka juu ya kichwa cha mjane.

Basi. Hakuna fundi.

Ninavyo hivi. Mbirimbi mmoja, unazaa hadi matunda yanaoza chini. Minazi miwili. Mihogo kando ya ukuta. Ndoo kumi na moja za rangi alizoziacha Bakari, nimezitoboa chini na kupanda mchicha na pilipili. Kuku wanne. Na bangili sita za dhahabu alizoniachia mamangu, hizo ziko sandukuni na haziuzwi kwa ajili ya kuvuja.

Nimepika muhogo wa nazi, kwa kifuu na makumbi. Mkaa sinunui tena.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepanda.

Nilifikiri wiki nzima. Mwanamke wa eda hawezi kuonekana juu ya paa, mtaa mzima ungetoka kuangalia. Lakini Ijumaa mchana wanaume wote wako msikitini. Kuanzia adhana mpaka watoe salamu, mtaa ni wa wanawake na paka. Karibu saa nzima.

Nilivaa suruali ya Bakari ndani ya dera. Nikaweka ngazi upande wa uani. Nikapanda nikisoma kila dua ninayoijua. Juu kule makuti yameoza, ukiyashika yanakuwa unga. Nikaweka makuti niliyoyakuta stoo, nikayafunga juu ya tundu kwa kamba ya usumba. Nikashuka kabla ya watu kutawanyika.

Nimeswali adhuhuri nikiwa na vumbi mpaka masikioni. Nimefurahi. Naandika kwa sababu sijaandika neno hilo mwaka huu.

Jumapili, 11 Mei

Imenyesha. Inavuja kuliko mwanzo. Mabeseni hayatoshi, nimetoa hata bakuli la futari.

Nimelia. Si kwa Bakari. Kwa lile tundu.

Alhamisi, 15 Mei

Arobaini. Hitima imesomwa, watu wamekula, wametawanyika.

Shemeji Athmani alikuja kutoka Gongoni, yuko kule kwenye mashamba ya chumvi, msimamizi. Ndiye ndugu pekee wa Bakari. Sisi hatukujaaliwa mtoto, kwa hiyo mirathi ni fupi: robo yangu mimi, robo tatu yake yeye. Sheria ni sheria, siibishii. Alisimama katikati ya ukumbi, mabeseni yako pale pale yanalia tik, tik, akatazama juu, akatazama ukuta unaobanduka, akacheka kwa pua.

"Shemeji, hili ni gofu. Nani atalinunua? Nipe kitu kidogo, fungu langu nikuachie, tuandikiane yaishe."

Akataja kiasi. Bangili sita zingetosha, na chenji ikabaki.

Nilipaswa kusema ndiyo. Lakini lile neno, gofu, liliniingia vibaya. Nimelifagia gofu hilo kwa miaka thelathini na moja. Na kaka wa mtu hajapoa kaburini, yeye anataja bei juu ya sinia la pilau. Nikamwambia sipatani bei nikiwa nimekaa eda. Ikiisha tutakaa.

"Sawa," akasema. "Ikiisha tumwite mthamini. Itakavyokuwa siku hiyo, ndivyo tutakavyogawana."

Gofu. Nitamwonyesha gofu.

Jumatano, 21 Mei

Kadzo kapita. Ni mama wa Kigiriama wa Matsangoni, anauza makuti, Jumatano ndiyo siku yake ya Malindi. Nimemwita ndani, nimemwonyesha paa kutoka uani.

"Mama, aliyekuezekea hapo alikuwa amelewa?"

Nikamwambia ni mimi. Akacheka mpaka akatua mzigo. Halafu akaketi mkekani akanifundisha, makuti mawili mapajani. Kiraka hakikai juu. Maji hupita chini yake. Unainua safu ya juu, unachomeka lako chini yake, unafunga kwenye fito, halafu safu ya juu inalilalia. Unaanza ukingoni, unapanda kwenda kileleni. Kila safu ilale juu ya nyingine viganja viwili.

Ndivyo tu. Kwa hilo wageni walikuwa wakimpa Bakari marundo ya pesa.

Hataki pesa, pesa ninazo wapi. Tumepatana makuti kumi kwa chupa moja ya achari ya mbirimbi. Kule kwao barabarani anaiuza kwa wasafiri.

Ijumaa, 23 Mei

Safu mbili. Kidole gumba kimechanika. Imamu kafupisha hotuba, nilishuka mbio nusura niikose ngazi.

Ijumaa, 30 Mei

Safu tatu. Goti limechubuka. Sijali.

Jumanne, 10 Juni

Idi imepita. Sikushona nguo. Nimekula mchicha wa ndooni, kuku mmoja, wali wa nazi. Mwanakombo kaleta nyama, nami nimempa mafuta ya nazi niliyopika mwenyewe. Sina haya ya kusema kwamba nimekula vizuri kuliko Idi nyingi za Bakari hai.

Sasa ni ukuta. Nyumba hii ni ya matumbawe na chokaa, aliijenga babake Bakari. Bakari mwenyewe aliupiga saruji ule ukuta wa ukumbini, kwa haraka, mabaki ya kazi ya watu. Saruji haikubaliani na matumbawe. Unyevu umebaki ndani, umetafuta njia, umebandua kila kitu. Nimeing'oa yote kwa patasi. Kuna pipa la chokaa limerowekwa uani miaka, juu maji, chini chokaa laini, haiharibiki. Nimechanganya na mchanga. Nimelowesha ukuta. Nimerusha kwa mwiko, nimesawazisha kwa ubao.

Chokaa imeniunguza mkono wa kulia mpaka kiwiko. Nimepaka mafuta ya nazi. Inauma ninapoandika.

Alhamisi, 19 Juni

Nilikuwa nasugua boriti ya chumbani. Juu ya kitanda, upande wake, kuna maandishi ya penseli. Mkono wa Bakari. Upana wa paa, urefu, idadi ya makuti, idadi ya fito. Kapiga hesabu yote mpaka mwisho, kapigia mstari.

Kumbe alipima. Siku gani sijui. Alilala pale chini ya hesabu yake, anadondokewa.

Nilitaka kumhurumia. Nikakaa kitandani nikasubiri huruma ije. Haikuja. Kupima si kuezeka. Nimesugua, imefutika.

Ijumaa, 27 Juni

Nimemaliza kilele. Wiki hii nilimpata Mwanakombo anishikie ngazi. Nikakaa juu dakika mbili bila kazi, nikatazama. Mapaa ya mtaa yote yanaonekana, mabati yenye kutu, makuti yenye viraka. Langu ndilo jipya.

Alasiri imenyesha mvua kubwa. Nimekaa ukumbini, mabeseni yote tayari, nasikiliza. Hakuna tone. Nimepita chumba hadi chumba nikipapasa sakafu kwa kiganja. Kavu. Nimecheka peke yangu kwa sauti, Mwanakombo kauliza ng'ambo ya ukuta nina nini.

Mimi, Zuwena binti Salim, nimeezeka nyumba.

Jumapili, 6 Julai

Mlango mkubwa ulikuwa unaburura tangu sijui lini. Nimeushusha peke yangu, nimeuegemeza, nimepunguza chini kwa randa, nimebadilisha bawaba, nimetumia zile Bakari alizozificha kwenye soksi. Unafunga sasa kwa kidole kimoja. Mbao zilizoliwa na mchwa nimetoa, nimetia nyingine za kitanda kikuukuu.

Akina mama wamekuja kunitazama. Walikuja kwa ajili ya kunipa pole ya eda, wakaishia kupapasa kuta. Mmoja kauliza naweza kwenda kwake nikimaliza eda, choo chake kinapasuka. Mwingine kasema nyumba hii sasa wangeipangisha wageni. Nikawapa mahamri na maneno ya unyenyekevu. Moyoni nimevimba kama unga wenye hamira.

Habari zitafika Gongoni. Zifike. Aje aseme gofu tena.

Jumanne, 15 Julai

Nimegombana na Mwanakombo.

Nilikuwa napaka chokaa nyeupe barazani, nikiwa ndani ya kizingiti, nisionekane. Akaja, akakaa, akanitazama kwa muda. Halafu akasema pole pole, "Dada Zuwena, mbona unaipamba nyumba ambayo haijagawanywa?"

Nikamwuliza ana maana gani. Akasema hana maana, anauliza tu. Nikamwambia mwenye wivu hajifichi. Kwamba paa lake linavuja na mume wake yu hai, basi anaona uchungu. Akaamka, akavaa buibui lake, akatoka bila kufunga mlango.

Mlango mzuri nilioutengeneza. Ulijifunga wenyewe.

Alhamisi, 17 Julai

Sijalala vizuri siku mbili. Neno la Mwanakombo halitoki.

Nimekaa nimelipanga. Mthamini atakuja eda ikiisha. Atatazama paa jipya, ukuta mweupe, mlango unaofunga kwa kidole. Ataandika bei. Robo tatu ya bei hiyo nitatakiwa nimpe Athmani, ama nyumba iuzwe. Kila kuti nililofunga, robo yake nimejifungia mimi, robo tatu nimemfungia yeye. Tena bure. Tena kwa kupanda ngazi kwa siri kama mwizi.

Gofu ningelinunua kwa bangili sita. Lilikuwa mkononi. Nikalitia thamani kwa mikono yangu mwenyewe mpaka likanishinda.

Mjinga. Mjinga mkubwa, na mkono umeungua.

Ijumaa, 18 Julai

Nimempigia Athmani simu. Nikamwuliza hali ya Gongoni, hali ya watoto, hali ya chumvi. Halafu nikamwambia ile bei yake ya siku ya arobaini, nimeifikiria, nimeikubali. Aje tuandikiane.

Akacheka, kwa pua, namjua.

"Ah, shemeji. Si wewe mwenyewe ulisema tusubiri? Tusubiri mthamini. Nasikia nyumba imependeza, mashaallah."

Nikamshukuru. Nimemshukuru! Nimekata simu, nimejipiga kofi.

Jumamosi, 26 Julai

Nimemwomba radhi Mwanakombo, kupitia ukutani. Kakohoa. Baadaye kaleta samaki wawili, kawaweka mlangoni, hakuingia.

Nimewakaanga kwa mafuta yangu. Sikusikia ladha.

Ijumaa, 8 Agosti

Ijumaa ya mwisho ya eda. Adhana ilipolia nilikuwa nimeshasimama chini ya ngazi. Nimevaa ile suruali. Nimeshika kisu cha kukatia kamba.

Nilikuwa nimeamua. Kata kamba za upande wa uani, vuruga safu za chini, acha jua na kunguru wamalizie. Chota maji, mwagia ukuta. Ng'oa bawaba. Siku nne zinatosha kuirudisha gofu. Kisha bangili sita, na nyumba yangu, nami niiezeke upya polepole, kwa haki yangu, hata ikinichukua mwaka.

Nikapanda. Nikakaa ukingoni, kwenye zile safu mbili za kwanza. Nikashika kamba ya kwanza, ile ya karibu na boriti, nikaikata. Ya pili nikaikata. Kuti likalegea, likaning'inia. Ya tatu nikaiwekea kisu.

Ikanishinda. Nilijilazimisha, nikasema Zuwena kata, ni kamba tu, ni majani. Mkono ukakataa kabisa. Niliifunga hiyo kamba wakati kidole gumba kimechanika, niliikaza kwa meno. Hakuna kitu kingine chochote katika maisha yangu ninachoweza kukionyesha kwa kidole nikasema hiki nimekifanya mimi. Sina mtoto. Sina shamba. Nina hili paa.

Nikatoa kamba mfukoni nikazifunga upya zile mbili. Nikazikaza kuliko za mwanzo. Walipotoa salamu nilikuwa bado juu. Watu wawili wakaniona. Sikujificha.

Jumanne, 12 Agosti

Eda imekwisha. Nimeoga, nimeswali. Mwanakombo kanipaka hina, kanishika mkono, tumetoka mpaka mwisho wa mtaa tukarudi. Jua kali. Watu wote wamezeeka.

Alhamisi, 14 Agosti

Wamekuja. Athmani, mthamini mwenye karatasi, na shehe mmoja mzee tuliyekubaliana atuamue.

Mthamini kapita kila chumba. Kagonga ukuta kwa vidole, kasukuma mlango, katoka uani kalitazama paa mpaka shingo ikamchoka. Akaandika. Bei aliyoitaja ni karibu mara tatu ya ile ya arobaini. Bangili zangu hazifiki popote.

Shehe ni mtu wa haki. Akasema kila alichotumia mjane katika kuihifadhi nyumba hii kitolewe kwanza, kabla ya kugawa, hilo ni deni. Akanigeukia kwa upole. Akaniambia, "Bi Zuwena, leta risiti zako."

Sina risiti.

Makuti nilibadilishana kwa achari. Kamba nilizikuta stoo. Chokaa ilikuwa pipani. Mpira wa mfereji ni champali. Mchanga nimechimba uani. Chakula nilichokula nikifanya kazi nilikipanda ndani ya ndoo. Nilijisifu miezi mitatu kwamba sikununua kitu. Kweli sikununua kitu.

Nikamwambia shehe kwamba ni mikono yangu. Akaitazama. Kovu la chokaa bado lipo. Athmani akasema kwa heshima kabisa kwamba hakatai, shemeji kajitahidi, lakini vyombo ni vya marehemu, pipa la marehemu, bawaba za marehemu, hiyo yote ni mali ya urithi. Na kazi ya mkono haina karatasi. Shehe akamwomba anifikirie kwa hisani. Athmani akasema atafikiria. Akafikiria pale pale, akanipa ngazi iwe yangu, basi.

Wakati wa kutoka mthamini, aliyekuwa nje akipima uwanja tulipokuwa tukibishana, akasimama barazani, akauliza fundi ni nani, kazi hii haipatikani siku hizi, yeye mwenyewe ana paa la kuezekwa.

"Ndugu yangu marehemu," Athmani akasema. "Mungu amrehemu. Alikuwa fundi wa mji mzima."

Wote wakasema amina. Mdomo wangu ukasema amina pamoja nao. Nilikuwa nimesimama mlangoni, kichwa nimefunika. Nani angeniamini? Akina mama wanaojua hawakuwapo. Wawili walioniona juu ya paa walisema ni mjane kapandwa na wazimu wa huzuni.

Jumapili, 31 Agosti

Nyumba imeuzwa. Mnunuzi ni mtu wa Mombasa, ataipangisha kwa wageni. Amekuja na mkewe, mke kapenda sana makuti.

Robo yangu nimehesabiwa. Si haba. Lakini nyumba hainunui, si mjini. Kadzo kasema Matsangoni kuna kiwanja, nikamwambia nitafikiri. Nguvu za kufikiri sina.

Ndoo za mchicha nimempa Mwanakombo. Mbirimbi haubebeki.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimepanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane, mitaa miwili kutoka kule kwangu. Siipiti ile njia. Kina dirisha moja, kitanda, jiko la kuchangia. Leo nimenunua mchicha sokoni, fungu moja, mara ya kwanza kwa mwaka huu. Ulikuwa umenyauka.

Alasiri mlango wa jiko umeng'oka bawaba. Mwenye nyumba akauinua, ukamshinda, akaniita. Tukaushika pamoja. Niliona kwa jicho moja: skurubu mbili fupi, tundu limepanuka, ukichonga kijiti ukakipiga ndani, ukarudisha skurubu, basi. Kazi ya dakika kumi.

Akaniuliza, "Mwenzangu, wewe wajua kidogo mambo haya?"

Nikamwambia sijui. Aite fundi.

Tukauegemeza ukutani, tukakaa kumsubiri.